Siku Yangu ya Mwisho Kampala, Pesa za Mama na Namba ya Siri ya Mtu Mwingine

Basi langu la kurudi nyumbani lilikuwa liondoke Kampala saa mbili usiku. Mimi niliamka saa kumi na mbili asubuhi, mafunzo yameisha jana yake, begi limefungwa, na kwa mfuko nina shilingi 178,000. Usishtuke, ni za Uganda. Ukizigeuza kuwa za Kenya ni kama 6,500 hivi. Na si zote zilikuwa zangu. 110,000 zilikuwa za mama, za kununua vitenge.

Siku ya mwisho ya safari ina ujanja wake. Pesa iliyobaki inaanza kuonekana kama si pesa, ni ya kumalizia tu. Unajiambia kesho niko Kenya, hizi noti zitanisaidia nini? Hapo ndipo mtu ananunua kofia asiyoihitaji na kufika nyumbani akikopa nauli ya bodaboda. Nimefanya hivyo nikiwa chuo, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Safari hii nilijipangia mapema. Noti za mama niliziweka kwenye bahasha, bahasha ndani ya kitabu, kitabu chini ya begi. Zangu zilikuwa 68,000, nazo zilikuwa na kazi ya kunilisha, kunitembeza mjini na kunifikisha steji ya basi. Simu yangu ilikuwa na laini ya nyumbani, nimeiacha ndani makusudi. Wengi wakifika nchi nyingine wanang'oa laini ya Kenya, wanaweka ya huko, halafu wanashangaa benki au pochi ya simu ikiwatumia namba ya kuthibitisha na haifiki. Iache hiyo laini. Zima data yake tu kabla hujavuka mpaka, maana data ndiyo inayokula salio usiku ukiwa umelala. Kupigiana simu hakuumi sana siku hizi, nchi zetu zilianza kupunguza gharama hizo kwa pamoja mwaka 2014, lakini data ni hadithi nyingine.

Lazima pia nikiri kosa langu la siku ya kwanza, ndiyo mjue ninawaandikia kama mtu aliyeumia. Mpakani nilikutana na kijana mwenye bunda la noti mkononi, mkarimu, ananiita dada. Nikabadilisha 5,000 za Kenya kwake kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikutaka kutafuta duka. Alinipa 24 kwa kila shilingi moja. Kesho yake mjini nikaona duka la kubadilisha fedha limebandika 27 na nusu. Piga hesabu mwenyewe: nilipata 120,000 badala ya 137,500. Shilingi 17,500 zilibaki mpakani kwa sababu ya uchovu na neno dada. Hakuniibia, nilikubali mwenyewe. Mpakani badilisha ya chai na ya choo, basi. Zingine zisubiri mjini penye bei iliyoandikwa ukutani.

Kupanda mnara

Nilianza na rolex. Msomaji ambaye hajafika Kampala asifikirie saa ya mkono. Ni chapati iliyoviringishwa na mayai, nyanya na kitunguu ndani, na inakaangwa pale pale kando ya barabara ukiangalia. Kwetu Lodwar chapati na mayai vinakaa kwenye sahani mbili kama watu waliokosana. Wenzetu waliwapatanisha.

Kutoka hapo nilitembea kwa miguu mpaka msikiti mkubwa ulioko kilima cha Old Kampala, ule ambao watu bado wanauita wa Gaddafi kwa sababu Libya ndiyo iliyogharamia kuumaliza. Wageni wanakaribishwa. Wanawake wanapewa kitambaa cha kujifunga, unavua viatu, mtu wa pale anakutembeza kwenye zulia pana ajabu. Halafu unapanda mnara. Ngazi zinazunguka, zinazunguka, mpaka magoti yangu, ambayo yamezoea tambarare ya Turkana, yakaanza kuuliza maswali.

Juu kule ndipo utaelewa kwa nini wanausema mji wa vilima saba, ingawa sasa mji umevila vilima vingi zaidi ya saba. Namirembe na kanisa lake, Rubaga na kanisa lake, Mengo penye kasri la Kabaka. Chini kabisa, kwenye bonde, steji ya teksi ya zamani imejaa magari meupe yamebanana kama mbuzi kisimani wakati wa kiangazi. Nilisimama pale dakika ishirini. Mtu wa Nakalale hapati nafasi ya kuangalia mji kutoka juu kila wiki. Kwetu ukitaka kuona mbali unaangalia mbele tu, hakuna kitu cha kukuzuia.

Kutoka msikitini nilichukua bodaboda hadi Makumbusho ya Uganda, Kitante. Hapo kabla ya kupanda tulikubaliana bei. Usipande kwanza.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908, na yako kwenye jengo la sasa tangu 1954. Kuna chumba cha ala za muziki ambacho peke yake kinatosha kulipia kiingilio, na nyuma, uani, kuna nyumba za jamii mbalimbali za Uganda zimejengwa kama kijiji. Lakini kilichonishika mimi ni kigoda kidogo cha mbao, cha mzee wa Kikaramoja, kile cha kukalia mchana na kulalia kichwa usiku. Sisi tunakiita ekicholong. Babu yangu alikuwa nacho, kimeng'aa kwa jasho la miaka mingi. Nilisimama mbele ya kioo nikifikiria kwamba nimevuka mpaka, nimebadilisha pesa, nimeandikiwa mhuri, halafu nikakutana na kigoda cha babu.

Kwa wasiojua, Waturkana na Wakaramoja ni watu wa ukoo mmoja, pamoja na Wajie, Watoposa, Wateso na wengine. Lugha zetu zinasikilizana. Nyanya yangu, ambaye tunamwita ata, alitusimulia habari za Nayeche, mwanamke aliyetoka upande wa Jie, Uganda ya leo, akaja mpaka kilima karibu na Turkwel akiishi kwa matunda ya porini, na vijana waliokuwa wakifuata dume lililopotea wakamkuta huko. Kilima hicho mpaka leo kinaitwa Moru Anayeche. Yeye alitembea na hakubadilisha noti kokote.

Nikiwa pale makumbusho simu ikalia. Ujumbe: nimepokea Ksh 3,500 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Dakika mbili baadaye mtu huyo anapiga, sauti ya haraka, analia karibu, ati ametuma kimakosa, ni pesa ya hospitali, nimrudishie sasa hivi. Mchezo huu mnaujua. Lakini ukiwa nchi ya watu, umechoka, mtandao unakuja na kwenda, akili inakuwa nzito kidogo, na wao wanapenda watu wa namna hiyo. Niliangalia vitu viwili tu. Ujumbe ulitoka kwa namba ya kawaida ya simu, si kwa jina ambalo jumbe za huduma hutoka nalo siku zote. Na salio langu, nilipolitazama kwenye menyu yenyewe, halikuwa limeongezeka hata senti. Nikakata simu. Hata kama ungekuwa umetumiwa kweli kimakosa, usimrudishie mtu kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja, wao ndio wenye kazi ya kurudisha.

Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimetumia 31,000, kuanzia rolex hadi viingilio viwili na bodaboda. Nikabaki na 37,000 zangu. Sikujisifu sana, lakini nilijisifu kidogo.

Kikuubo

Ukitaka vitenge Kampala, watu watakutuma Kikuubo. Ni kichochoro cha biashara ya jumla katikati ya mji, na kichochoro ni neno la heshima. Watu wanapita na mizigo vichwani wakipiga kelele upishe, na kama hukupisha utapishwa. Nilishika begi mbele, kifuani, kama mama aliyebeba mtoto.

Kiswahili changu kilinisaidia nusu. Baraza la mawaziri la Uganda lilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini habari hiyo inafika Kikuubo pole pole. Unauliza kwa Kiswahili, unajibiwa kwa Kiganda, mnakutana kwenye kikokotoo cha simu. Niliitwa nyabo mara nyingi hadi nikaanza kugeuka. Nilizunguka maduka sita kabla ya kununua, na bei ya kwanza na bei ya mwisho za kitenge kile kile zilitofautiana kwa 12,000. Nikachukua vitatu kwa 35,000 kila kimoja. Jumla 105,000, chenji ya mama 5,000. Ndipo nikakumbuka zile 17,500 za mpakani. Ni nusu ya kitenge kamili. Iliniuma upya.

Saa nane ilikuwa haijafika. Mpango wangu ulikuwa kwenda Kasubi, penye makaburi ya wafalme wa Buganda, ile nyumba kubwa ya nyasi iliyoungua Machi 2010 na kujengwa tena. Nilikuwa naitafuta bodaboda, karibu na steji ya teksi ya zamani, niliposikia nyuma yangu mwanamke akimkemea mtoto kwa lugha ya kwetu.

Karibu, si kabisa. Kama wimbo unaoujua ukiimbwa na mtu wa kijiji cha pili.

Chini ya mwavuli

Alikuwa amesimama mbele ya mwavuli wa wakala wa pesa za simu. Kampala hivyo vibanda na miavuli, ya manjano na mekundu, viko kila hatua kumi. Alikuwa na mtoto wa miaka kama minne na simu ndogo ya vibonyezo imefungwa na mpira. Kulikuwa na watu watano kwenye foleni. Alimpa wakala simu, akampa noti, halafu akataja namba zake nne za siri kwa sauti, moja moja, kwa lugha yetu. Na ili wakala aelewe akarudia kwa vidole.

Watu watano. Na mimi wa sita.

Mimi kazi yangu, mnaosoma hapa mnajua, ni kuandika mambo haya. Namba yako ya siri ni yako peke yako. Usimpe mtu yeyote. Nimeandika sentensi hizo kwa mabango, kwa redio, kwa jumbe za simu. Sentensi nzuri, fupi, sahihi. Nikiwa pale chini ya jua la Kampala nikaona kwamba sijawahi kumwandikia huyu mama.

Nikamsalimia. "Ejoka?"

Aligeuka kama aliyeitwa jina. "Ejok nooi!" Akanishika mkono na hakuuachia. Ninatoka wapi? Turkana. Turkana ipi? Nakalale, huko mbele ya Kakuma. Yeye ni wa Napak. Anafanya kazi Kisenyi, penye mashine za kusaga, anachambua maharagwe na kupepeta yaliyomwagika. Anatuma pesa kwa binti yake aliyebaki nyumbani na watoto wadogo. Leo ametoa 30,000. Akaniambia hayo yote kwa dakika mbili, halafu akampokonya wakala simu, akanipa mimi. "Wewe ni wa kwetu," akasema. "Tuma wewe." Na kabla sijafungua mdomo akanitajia tena zile namba nne.

Hebu fikiria kidogo. Ananijua kwa salamu moja. Ningekuwa mwizi, ningehitaji nini zaidi? Tunawaonya wateja wajihadhari na watu wasiowajua, lakini anayekuibia vizuri ni yule anayeongea lugha ya mama yako.

Wakala, kijana mpole tu, alicheka kwa aibu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba wako wengi wa namna hiyo, na yeye akikataa kuwabonyezea wataenda kwa mwingine ambaye labda si mwaminifu. Sikuwa na jibu la haraka.

Maana nyumbani nina ata. Kaka yangu anafanya kazi Kitale na alikuwa akimtumia ata 3,000 kila mwezi. Ata hasomi. Alikuwa anapeleka simu kwa kijana mmoja wa duka, anamwambia namba ya siri, kijana anatoa pesa anampa 2,500. Mia tano alisema ni ya mashine. Ada halali ya kutoa hiyo pesa haifiki hata mia moja. Iliendelea miezi saba mpaka Krismasi nilipokuja nyumbani, nikakaa na simu ya ata nikisoma jumbe moja baada ya nyingine. 3,500 zilikuwa zimeenda, zaidi ya pesa ya mwezi mzima. Nilimwambia kwa hasira, nikiwa tayari kwenda dukani kupigana. Ata akaniangalia. "Najua," akasema. "Lakini ndiye anayenisomea."

Nilirudi mjini na jibu hilo na sikulifanyia kitu. Niliandika bango lingine.

Kwa hiyo nilimrudishia mama yule simu. Nikamwambia hizo namba ulizonitajia, na walizosikia hawa wote, tunazitupa. Leo unachagua zingine na mimi sitazijua.

Aliudhika kidogo. Alidhani namkataa. Ilibidi tukae chini kwenye ngazi za duka, mimi, yeye, mtoto na vitenge vya mama, nikaagiza chai na mandazi. Mama, ukisoma hapa, chenji yako ya 5,000 ndiyo tuliyonywea.

Na hapo nikagundua kitu ambacho ofisini hatukiongei. Tunasema mtu hasomi, tunafunga mjadala. Lakini huyu mama namba anazijua. Anauza, anahesabu, anajua noti kwa rangi na kwa tarakimu, hakuna wa kumdanganya chenji Kisenyi. Asichojua ni maneno. Namba ya siri haina neno hata moja ndani yake. Kizuizi kilikuwa menyu, ile orodha ya Kiingereza inayotokea na kutoweka kabla hujapumua.

Basi tukaacha kusoma menyu, tukaihesabu. Ukibonyeza namba ya huduma, inakuja orodha: usiisome, bonyeza hii. Inakuja nyingine: bonyeza hii. Sasa namba ya binti yako. Sasa kiasi. Sasa zile nne zako. Nilimwonyesha kwamba kibonyezo cha 5, kile cha katikati, kina kinundu kidogo ambacho kidole kinakihisi bila macho. Simu karibu zote za vibonyezo zinacho. Ukikipata hicho unajua zingine ziko wapi, hata gizani, hata simu ikiwa ndani ya shuka watu wasione. Alikipapasa na kucheka. Akampa mtoto naye akipapase.

Kubadilisha namba ya siri kulifaulu mara ya pili. Niligeuka nikaangalia barabara, na nikamwomba wakala naye ageuke, akageuka kweli. Nilimpa sheria moja tu ya kuchagua: isiwe mwaka uliozaliwa, isiwe nne zinazofanana, isiwe ambayo mtoto anaweza kuikisia.

Kutuma kulitushinda mara mbili. Mara ya kwanza alifikiria mno, menyu ikajifunga. Ya pili alikosea hatua akafika mahali pa kununua muda wa maongezi, akashtuka akanirushia simu kama kaa la moto. Nikamwambia hapo hakuna kilichopotea, mpaka uweke zile nne hakuna senti inayotoka. Hilo lilimtuliza kuliko yote niliyosema. Tukaanza upya. Mara ya tatu alikwenda pole pole, midomo ikihesabu, mpaka likatokea jina la binti yake kwenye kioo kuthibitisha.

Jina hawezi kulisoma. Hapo ndipo nilipomwambia amwonyeshe wakala, alisome kwa sauti. Jina la mpokeaji linaweza kusikika na foleni nzima na hakuna hasara. Likisomwa silo, anafuta. Likisomwa ndilo, anajificha anaweka zake nne. Mnisamehe wakubwa wangu wa ofisi, lakini naona hilo ndilo onyo tulilopaswa kuandika tangu mwanzo: nini cha kuficha na nini cha kuuliza. Tulipoambia watu wafiche kila kitu, wasioweza kusoma walibaki kumpa mtu mmoja kila kitu.

Kisha tukampigia binti. Imefika? Imefika. Ngapi? Akasema. Mama akaniuliza swali ambalo inaonekana alikuwa nalo siku nyingi: mbona akituma 30,000 binti hashiki 30,000?

Nilimweleza. Kuna ada ya kutoa. Na Uganda kuna kodi juu yake. Julai 2018 serikali ilianza kutoza asilimia moja kwenye pesa za simu, watu wakapiga kelele, ikashushwa ikawa nusu ya asilimia, na kwa pesa zinazotolewa tu. Kwa 30,000 hiyo kodi ni 150. Ukijua kiasi cha ada na cha kodi, unatuma na ya kutolea, binti anashika pesa kamili. Lakini pia unajua ikipungua zaidi ya hapo, kuna mkono umepita. Alikaa kimya akihesabu kwa vidole vya miguu na mikono, kisha akasema miezi iliyopita ilikuwa ikipungua zaidi ya hapo. Hakusema ni nani. Mimi sikuuliza.

Kwake yeye, ada halali, kodi ya serikali na wizi vilikuwa kitu kimoja: pesa iliyotoka ikafika ndogo. Ata naye ndivyo.

Saa kumi na moja kasoro. Kasubi ikawa imenipita. Mama alifungua fundo la kitambaa akanimiminia maharagwe mikononi, yale anayolipwa nayo wakati mwingine, yamechambuliwa mpaka hayana jiwe wala ganda. Nikakataa, akakasirika, nikapokea. Aliniita toto, na mtoto wake akanitazama akishangaa, maana kwa lugha yetu toto ni mama. Waswahili mtuelewe, sisi kwetu ni kinyume.

Jioni niliingia duka moja nikanunua odii na simsim za kupeleka nyumbani, nikala, nikachukua bodaboda. Nikafika stendi saa moja na robo nikiwa na 6,000 na sarafu zinazolia. Sarafu zimalize huko huko, maduka ya kubadilisha fedha hayazichukui, na ukivuka nazo zitabaki kwenye droo mpaka uolewe. Zangu zilinunua maji na chai ya Malaba, usiku wa manane, tukisubiri mhuri.

Eldoret alfajiri, Kitale asubuhi, kisha ile barabara ndefu ya kuteremka hadi Lodwar, na Kakuma kesho yake. Mama alivipokea vitenge, akavinusa, akasema cha tatu kimefifia rangi. Hakijafifia.

Maharagwe nilimpelekea ata, Nakalale. Aliyamwaga kwenye ungo akatafuta mawe kwa dakika nzima, hakupata hata moja, akauliza nani ameyachambua. Nikamwambia. Yakawekwa jikoni, na yakichemka nikamwomba simu yake. Nikamwambia afumbe macho, atafute kile kibonyezo cha katikati chenye kinundu.

"Hiki," akasema. "Nilikuwa nadhani ni uchafu."

Tulirudia menyu mara nne mpaka maharagwe yakaiva. Namba ya siri mpya aliichagua akiwa amenipa mgongo, na nilipojaribu kuchungulia kwa mzaha, akanipiga na mwiko.